Barua ya wazi kwa wakuu wa soka: Tumeshasimama, tupeni pa kushika

Kwa:
Viongozi wa mashirikisho ya mpira wa miguu,
Wamiliki na mameneja wa viwanja,
Mamlaka zinazotoa leseni za usalama wa viwanja.

Waheshimiwa,

YAH: MAJUKWAA YA KUSIMAMA KWA USALAMA

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Naomba majukwaa yenye reli ya kushika mbele ya kila safu, ili shabiki aliyesimama asiwaangukie wenzake.

Hii ni barua yangu ya nne. Tatu za kwanza nilizipeleka kimya kimya, kila moja kwa mhusika wake, kama ilivyo desturi ya mtu mwenye heshima. Mwenye uwanja alinijibu kwa mistari sita kwamba kanuni za shirikisho zinataka kila mtazamaji akae. Shirikisho likanijibu kwamba mpangilio wa majukwaa ni jukumu la mwenye uwanja. Watoa leseni wakasema hawawezi kulijadili jambo ambalo hakuna klabu iliyoliombea kibali. Wote walinijibu kwa adabu, na kila mmoja akanielekeza kwa mwenzake. Ndiyo maana leo nawaandikia nyote watatu katika barua moja, hadharani, ili majibu yenu nayo yasomwe na wote.

Mimi ni shabiki wa kawaida mwenye tiketi ya msimu, jukwaa la nyuma ya goli, safu ya 14. Sina cheo katika tawi lolote na sitafuti uongozi. Naomba nianze na kilichotokea, kwa sababu bila hicho nisingeandika.

Ilikuwa dakika za nyongeza na ubao ulikuwa unasoma bila kwa bila. Kona ikapigwa, mpira ukagonga mwamba, ukarudi, ukasukumwa wavuni. Jukwaa letu likalipuka. Mpwa wangu, mwenye miaka 16, alikuwa mbele yangu, safu ya 13, amesimama kama walivyosimama wote tangu filimbi ya kwanza. Watu wa safu za juu wakaja chini kwa kishindo. Nani alimsukuma nani sijui, na sidhani kama yupo aliyekusudia. Mgongo wa kiti kilichokuwa mbele yake ulimpata chini kidogo ya magoti. Mtu akizuiwa pale hana namna: miguu inabaki, kiwiliwili kinakwenda. Akapinduka juu ya viti, akaangukia safu ya 12, watu wawili wakamwangukia, wakateremka wote watatu hadi safu ya 11. Nilipomfikia alikuwa ameukumbatia mkono wa kushoto kifuani, kifundo kimevunjika. Ugoko ulikuwa umechanwa na ukingo wa kiti cha plastiki, na damu imeshuka hadi kwenye soksi yake ya rangi za timu. Goli lenyewe lilikuwa bado halijarudiwa kwenye skrini ya uwanja.

Yote hayo yalichukua pengine sekunde tano. Watu wa huduma ya kwanza walifanya kazi nzuri na nawashukuru hadi leo. Mmoja wao, akiwa anamfunga mkono, alituambia kwamba magoko ya namna ile anayaona kila mara timu inapofunga goli la dakika za mwisho. Hakushangaa hata kidogo. Kutoshangaa kwake ndiko kulikonisumbua njia nzima nikirudi nyumbani, kwa sababu kulimaanisha kwamba jambo hili linajulikana, limezoeleka, na limeachwa.

Sasa naomba niweke hoja zangu.

1. Tunasimama tayari, na mnajua

Nendeni nyuma ya goli katika uwanja wowote wenye mashabiki wenye sauti, hata ule wenye kiti kila mahali, mhesabu waliokaa. Kanuni inasema tukae. Dakika ya kumi sauti inatoka kwenye spika ikituomba tukae. Hakuna anayekaa. Dakika ya ishirini sauti inarudi. Baada ya hapo kila mtu anaendelea na mchezo, ninyi kwenye jukwaa kuu na sisi huku kwetu. Wasimamizi wa jukwaa wanatuona, kamera zenu zinatuona, na picha za ushangiliaji wetu mnaziweka kwenye matangazo ya kuuza tiketi za msimu ujao. Katika picha hizo hakuna aliyekaa.

Matokeo yake ni kwamba kila mchezo mnakuwa na maelfu ya watu waliosimama mahali palipojengwa kwa ajili ya watu waliokaa. Na kwa kuwa karatasi zinasema wamekaa, hakuna anayeruhusiwa kupima usalama wa watu waliosimama. Anayepima atakuwa amekiri kwamba kanuni imevunjwa. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Kanuni iliyotungwa kulinda watu imegeuka sababu ya kutowaangalia.

2. Kiti cha kawaida ni mtego kwa mtu aliyesimama

Jukwaa limejengwa kwa ngazi, kila safu iko juu ya ile iliyo mbele yake. Kwa hiyo mgongo wa kiti cha mbele, ambao kwa mtu aliyekaa ni kitu cha kugusa kwa magoti, kwa mtu aliyesimama unaishia chini ya magoti. Hauzuii mwili, unazuia miguu tu. Mtu akisukumwa kutoka nyuma anapinduka, na anayempindukia mwenzake naye anampindua aliye mbele. Safu moja inaweza kuangusha tano.

Jukwaa la kusimama kwa usalama lina kitu kimoja cha ziada: reli ya chuma inayofika kiunoni, iliyofungwa imara kwenye zege, mbele ya kila safu. Kiti kipo palepale, kinakunjwa na kuingia katika fremu ya ile reli. Ukitaka kukaa unakikunjua. Ukitaka kusimama unaegemea reli, na goli likiingia unairukia kwa mikono miwili. Anayekuja kwa kishindo kutoka juu anakutana na reli yake mwenyewe kabla hajakufikia. Kila mtu ana namba yake na nafasi yake moja, kama ilivyo kwenye tiketi ya kiti. Nimewahi kusimama nyuma ya reli hizo nikiwa mgeni katika uwanja mwingine. Tulifunga, nikaruka, nikatua pale pale nilipokuwa. Nilibaki nimeishika ile reli baridi nikimfikiria mpwa wangu.

Wala haya si mawazo ya mashabiki peke yao. Uskoti, klabu ya Celtic ilifungua eneo la namna hii la watu karibu 3,000 mwaka 2016, baada ya kuomba na kukataliwa zaidi ya mara moja. Uingereza, ambako viti vilikuwa lazima kwa ngazi mbili za juu za ligi tangu msimu wa 1994/95, mamlaka ya usalama wa viwanja iliagiza utafiti, na Januari 2022 vilabu vitano, Cardiff City, Chelsea, Manchester City, Manchester United na Tottenham Hotspur, viliruhusiwa kujaribu rasmi. Watafiti walikwenda majukwaani wakaangalia kwa macho. Waliona kwamba penye reli hatari ya watu kuangukiana safu kwa safu inapungua, na kwamba ushangiliaji unakuwa wa utulivu zaidi kwa sababu hakuna anayeweza kwenda mbele wala nyuma. Waliona pia kwamba ni rahisi zaidi kugundua watu waliojazana kwenye vijia. Msimu wa 2022/23 mlango ukafunguliwa kwa vilabu vingine vinavyotimiza masharti. Nchi iliyopata msiba mkubwa kuliko wengi kwenye majukwaa ya kusimama imepima, imeona, imebadili msimamo.

3. Wanaotaka kukaa ndio wanaoonewa zaidi

Hapa naomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu hoja hii hupotea katika kelele zetu.

Kwenye safu yetu alikuwapo mzee mmoja. Sote tulimwita Mzee, na yeye alituita wanangu. Alikuja kila mchezo na redio ndogo sikioni, na kila mchezaji mpya aliyesajiliwa alimlinganisha na mmoja wa zamani. Magoti yalipoanza kumsumbua hakuweza tena kusimama dakika tisini. Akawa anakaa. Mbele yake kulikuwa na migongo tu. Mchezo mzima aliusikiliza kwenye redio akiwa ndani ya uwanja, nasi tukiinama kumweleza nani kapiga na nani kakosa. Msimu uliofuata hakulipia tena. Nilipompigia simu alisema, "Mwanangu, migongo yenu nimeshaijua."

Nakiri kosa letu. Sisi tuliomziba Mzee tulikuwa watu, siyo kanuni. Lakini tuliwekwa sehemu moja na tiketi za namna moja, anayetaka kusimama na asiyeweza kusimama, kwa sababu kwenu rasmi wote tunakaa. Wapo pia watazamaji wa viti vya magurudumu, ambao jukwaa lao liko nyuma ya safu za watu waliosimama. Wao hawana hata hiari ya kunyanyuka na kuchungulia. Wapo wazazi wenye watoto wadogo waliopandishwa juu ya viti vya plastiki ili waone, na mtoto aliyesimama juu ya kiti kinachokunjika ni jambo ambalo nafunga macho nisilione.

Mkitupa eneo letu lenye reli, mnawarudishia hawa macho yao. Wa kusimama asimame kule, wa kukaa akae hapa, na msimamizi atakapomwambia mtu wa eneo la kukaa "tafadhali kaa", atakuwa na mahali pa kumwelekeza anayetaka kusimama.

4. Wasimamizi wa jukwaa mmewapa kazi isiyowezekana

Hawa ni vijana wenye makoti ya rangi kali, watatu wanne kwa jukwaa zima, walioagizwa kuwakalisha watu elfu tatu. Wanabishana na mtu mmoja wakati vijia vinajaa nyuma yao. Nimeona kijana wa miaka ishirini na kitu akitukanwa na watu wazima kwa kutekeleza agizo ambalo mkubwa wake anajua halitekelezeki. Macho yake yangefaa zaidi kuangalia ngazi, milango ya dharura na mtu anayepumua kwa shida.

Najua mtakachojibu. Nimeshajibiwa mara tatu, kwa hiyo naomba niyachukue majibu yenu mapema.

Jibu la kwanza litakuwa Hillsborough, na mtakuwa na haki kulitaja. Mtu asiyeweza kulitaja jina hilo kwa unyenyekevu hafai kuzungumzia suala hili.

Tarehe 15 Aprili 1989, nusu fainali ya Kombe la FA, Liverpool na Nottingham Forest, uwanja wa Hillsborough, mjini Sheffield. Mashabiki wa Liverpool walipangiwa upande wa Leppings Lane. Jukwaa la kusimama la upande huo lilikuwa limegawanywa kwa uzio wa chuma vikawa kama vizizi, na mbele yake kulikuwa na uzio mwingine mrefu wa kuwazuia watu wasiingie uwanjani. Nje, kwenye mageti machache, umati ulibanana. Polisi wakaamuru lango kubwa lifunguliwe. Watu wakaingia kwa wingi, wakafuata njia waliyoiona mbele yao, handaki lililowapeleka kwenye vizizi vya katikati ambavyo tayari vilikuwa vimejaa. Hakuna aliyelifunga handaki hilo, ingawa vizizi vya pembeni vilikuwa na nafasi. Waliokuwa mbele hawakuwa na pa kutokea. Watu 97 walipoteza maisha, wa mwisho mwaka 2021 kutokana na majeraha ya siku ile. Familia zao zilisubiri hadi Aprili 2016 ndipo jopo la uchunguzi wa vifo likatamka kwamba wapendwa wao waliuawa isivyo halali na kwamba mashabiki hawakuchangia hatari ile.

Jaji Taylor, aliyeongoza uchunguzi wa awali, alitaja kushindwa kwa polisi kuudhibiti umati kuwa sababu kuu. Katika ripoti yake ya mwisho ya Januari 1990 alipendekeza viti, kwa kuwa aliona viti ndiyo hatua moja iliyosaidia usalama kuliko nyingine. Lakini jaji huyo huyo aliandika pia kwamba kusimama kwenyewe si hatari kwa asili yake. Sehemu hiyo ya pili haisomwi sana. Na nakubali kwamba viti vilileta faida: vilileta namba, na namba ilileta hesabu. Mtu mmoja, tiketi moja, nafasi moja. Hesabu hiyo nataka ibaki. Ninachoomba hakina kizizi, hakina uzio wa mbele, hakina tiketi isiyo na namba. Ni kinyume cha Leppings Lane katika kila jambo lililoua watu pale.

Wapo waliofiwa ambao hadi leo hawataki kusikia neno kusimama. Mimi sithubutu kubishana nao, na sitamruhusu shabiki mwenzangu awabishie mbele yangu. Nasema tu kwamba mashabiki wa Liverpool wenyewe walipopigishwa kura na chama chao mwaka 2017, wengi mno kati ya waliopiga kura waliunga mkono reli. Mwaka 2021 reli hizo zikawekwa Anfield, uwanja wa Liverpool. Watu waliobeba msiba huu kwa karibu zaidi wameujadili kwa machozi na wamefika mahali. Sisi wengine tusiutumie msiba wao kama pazia la kukwepa mjadala.

Jibu la pili: viti vinatosha. Hapana, waheshimiwa. Bradford, Mei 1985, moto uliwaka katika jukwaa kuu la mbao lililokuwa na viti, na milango ya nyuma ilikuwa imefungwa. Watu 56 walikufa. Accra, Mei 2001, vurugu zilijibiwa kwa mabomu ya machozi na watu wakakimbilia milango iliyofungwa. Walikufa zaidi ya 120. Ellis Park, Johannesburg, Aprili mwaka huo huo, uwanja ulikuwa umeshajaa na watu wakaendelea kumiminika. Walikufa 43. Olembe, Yaoundé, Januari 2022, uwanja mpya kabisa, una viti kila kona, watu wanane walikufa nje, kwenye geti ambalo lilipaswa kuwa wazi na halikuwa wazi. Hakuna hata mmoja wa hao ambaye kiti kingemwokoa. Kilichowaua ni milango, hesabu mbaya, moto, moshi na maamuzi ya watu wenye redio mkononi. Nayasema haya pia kwa mashabiki wenzangu wanaodhani reli ni dawa ya kila kitu: mkipewa reli na mlango wa dharura ukiwa na kufuli, bado mko hatarini.

Jibu la tatu: kanuni za kimataifa. Kwa miaka mingi hili lilikuwa jibu zuri. Borussia Dortmund ya Ujerumani, ambao jukwaa lao la kusini hubeba takribani watu 25,000 waliosimama, walilazimika kuweka viti kila walipocheza mashindano ya Ulaya, na uwanja wa watu zaidi ya 81,000 ukawa wa takribani 66,000. Lakini msimu wa 2022/23 UEFA yenyewe, shirikisho la soka la Ulaya, ilianza majaribio ya kuruhusu kusimama katika mashindano yake ya vilabu, nchini Ujerumani, Uingereza na Ufaransa. Na hata pale ambapo kanuni bado inadai watu wakae, kiti kipo ndani ya reli. Kikunjueni siku hiyo, tutakaa.

Jibu la nne: gharama. Shrewsbury Town, klabu ndogo ya ngazi za chini, ndiyo ya kwanza Uingereza kufunga reli, mwaka 2018, na fedha za kuanzia zilitoka kwenye mchango wa mashabiki. Sisi nasi tuko tayari kuchanga. Mlichokosa kwetu ni kuombwa.

Jibu la tano: kusimama kutawarudisha wahuni na kuwafukuza wanawake na watoto. Mhuni anapenda mahali ambapo anaweza kupotea ndani ya umati. Nyuma ya reli, kila mtu yuko mahali pake penye namba, na kamera inamwona kuanzia kichwani hadi kiunoni dakika tisini. Kuhusu wanawake, dada zetu wa safu ya 15 wamesimama hapo misimu mingi kuliko mimi. Hofu yao, wanavyosema wenyewe, ni mtu wa juu kuwaangukia. Anayetaka kukaa na wanawe atakaa, na kwa mara ya kwanza ataona mchezo.

Jibu la sita huwa halisemwi barabara, lakini nalisikia: leo wataomba reli, kesho wataomba wawili wawili kwenye nafasi moja. Siombi hilo. Nafasi moja, mtu mmoja. Klabu ikija kutaka kujaza watu zaidi kwa tamaa ya mapato, mtanikuta upande wenu.

Basi, waheshimiwa, haya ndiyo maombi yangu.

a) Shirikisho lirekebishe kanuni ya viti ili klabu iweze kuomba eneo la kusimama lenye reli, kwa masharti yaliyo wazi: reli mbele ya kila safu, kiti kinachokunjika kwa kila mtu, namba kwa kila nafasi.

b) Watoa leseni waandike masharti hayo na kuyatangaza kabla ya kusubiri ombi. Klabu haiwezi kuomba kibali ambacho fomu yake haijachapishwa.

c) Wenye viwanja waanze na jukwaa moja, nyuma ya goli moja, kwa msimu mmoja wa majaribio, na idadi ya majeruhi wa kila mchezo iandikwe na kutolewa hadharani, kabla ya reli na baada ya reli. Idadi ikionyesha nimekosea, nitaandika barua nyingine kukiri.

d) Majaribio hayo yaambatane na ukaguzi wa milango ya kutokea, vijia na mageti ya kuhesabia watu. Mlango wowote wenye kufuli wakati watu wako ndani uwe sababu ya kuzuia mchezo kuanza.

e) Kabla ya reli kufungwa, watazamaji wa viti vya magurudumu na wazee waulizwe wanataka kukaa wapi, na wapewe mahali ambapo hakuna anayesimama mbele yao. Hili halihitaji hata kusubiri kanuni mpya. Linaweza kufanyika wiki hii.

f) Wakati tunasubiri, acheni kuwafungia watu kuingia uwanjani kwa kosa la kusimama peke yake katika jukwaa ambalo wote wamesimama. Kijana mmoja wa safu yetu alikosa michezo mitatu kwa kosa hilo. Waliokuwa kulia na kushoto kwake hawakuguswa.

Naomba majibu ya maandishi kabla tiketi za msimu ujao hazijaanza kuuzwa, ili mashabiki wajue wananunua nini.

Na mkiona vyema kuja kuangalia kabla ya kujibu, njooni mchezo wowote, safu ya 14. Siku hiyo msiende jukwaa kuu. Simameni nasi kuanzia filimbi ya kwanza, mwone mgongo wa kiti cha mbele unawafikia wapi mguuni. Mpwa wangu amepona na amerudi. Siku hizi anasimama kando yangu, na kila kona inapopigwa namshika mkanda wa suruali kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine natafuta kitu cha kushika, ambacho hakipo.

Natanguliza shukrani.

Wenu katika mchezo,

Mwenye tiketi ya msimu,
Safu ya 14, jukwaa la nyuma ya goli